Masazo ya Miti Mitatu

"Usinisamehe," Golandam alisema. "Nilikwambia jana, nimekwambia asubuhi ya leo, na sasa nakwambia mbele ya Haji Agha. Sitaki."

"Kalamu ninayo mkononi, we mwanamke."

"Basi mrudishie mwenyewe."

Nosrat alibaki ameishika kalamu ya karani, hajui aitie wapi. Walikuwa wamesimama katika bustani yake mwenyewe, kwenye mteremko juu ya Tuyserkan, chini ya miti yake ya jozi. Mbele yao ilikuwa meza ya chuma aliyoitoa jikoni mwake, na juu ya meza karatasi moja iliyokandamizwa kwa bakuli la sukari isipeperuke. Karatasi ilisema kwamba Nosrat, mjane, mwenye bustani, amemsamehe jirani yake Golandam kosa la wizi wa magunia mawili ya jozi, na kwamba hana dai tena. Ilibaki sahihi na alama ya kidole. Akishatia, kesi imekwisha. Hakimu, ambaye wote walimwita Haji Agha kwa heshima, alikuwa amemweleza hivyo mara mbili, taratibu, kama mfamasia anayeeleza dawa ipi ni ya kabla ya kula na ipi ni ya baada ya kula.

"Nikisamehewa, nimeiba," Golandam alisema. "Nani anasamehewa kwa jambo ambalo hakulifanya? Utakuwa umeniita mwizi kwa adabu."

"Na nisipokusamehe?"

"Haji Agha ataamua."

"Akiamua umeiba, shuleni hutakanyaga tena."

"Najua. Nitatoka nikiwa nimebishana."

Golandam alifagia madarasa na kupika chai ya walimu katika shule ya wasichana ya mjini. Kila mwaka, kabla shule hazijafunguliwa, alipeleka karatasi ya tabia njema, na kila mwaka ilikuwa safi. Ikiingia doa moja, hata la kifungo cha siku tatu, wangemshukuru kwa huduma yake na kumtafuta mwingine. Nosrat alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyekuwa akimjazia fomu. Golandam hasomi bila miwani, na miwani yake huwa imepotea.

Kilichomchanganya Nosrat ni kwamba alikuwa amekuja kutoa. Usiku mzima alijiandaa kutoa, alivaa chadori yake nzuri kwa ajili ya kutoa, na sasa mpokeaji anakataa. Hakuwa amejiandaa kwa hilo hata kidogo.

Yote yalianza siku kumi zilizopita. Alishuka bustanini asubuhi akakuta ile miti mitatu ya chini, karibu na mfereji, imetunguliwa jozi zote, na Golandam yuko pale na upondo begani, anafunga gunia la pili. Nosrat aliuliza unafanya nini. Golandam akajibu naokota masazo, jozi zilizobaki baada ya mavuno, unaona nafanya nini? Nosrat akasema miti hii haijatunguliwa bado. Golandam akasema haijatunguliwa vipi na haina kitu. Wakaendelea hivyo mpaka likaingia suala la mama mkwe, na baada ya hapo hapakuwa na la kuokoa. Nosrat alikwenda kituo cha polisi na ndala miguuni.

Alichotaka ni mtu mwenye kofia amwambie Golandam kwamba amekosea. Basi. Ofisa alimuuliza kama alimpa ruhusa, akasema hapana. Akauliza kama bustani ilikuwa imezibwa, akasema ndiyo, kwenye pengo la ukuta kulikuwa na miiba. Akauliza mzigo ulikuwa kiasi gani, akasema magunia mawili. Nosrat akatia sahihi, akarudi nyumbani, akapika. Baada ya siku tatu barua ikaja, na kwenye barua lilikuwemo neno wizi.

Hakimu alikuwa sheikh kijana aitwaye Ravanbakhsh, mtu wa Qom, mwaka wake wa kwanza kazini. Alikuwa amekuja na karani wake Sotude kufanya uchunguzi wa mahali, maana mshitakiwa alidai ana haki kwa mujibu wa desturi ya hapa, na kwenye vitabu vya hakimu desturi ya hapa haikuwamo. Viatu vyake vya mjini vilikuwa vimejaa tope la mfereji, na soksi zake zilijaa mbegu za magugu zinazong'ang'ania. Alikuwa akizing'oa moja moja huku akisikiliza.

"Bibi Nosrat, weka kalamu kwanza," alisema. "Msamaha wako hauhitaji idhini yake, kisheria. Lakini naona mambo hayajawa wazi kwa mtu yeyote hapa, pamoja na mimi. Ngoja niwaulize hawa."

Hawa walikuwa watatu: Mashhadi Heydarqoli, mzee mwenye magoti ya chuma ambaye kwa miaka arobaini ndiye aliyepanda miti ya mtaa mzima kuitungua; Tuba, bibi wa nyumba ya kona; na Firuz, kaka wa marehemu mume wa Nosrat, aliyekuja bila kuitwa na kujichagulia kiti chenye mgongo.

"Kuna adhabu ambazo zimepimwa tangu zamani," hakimu alianza, "mimi siongezi wala sipunguzi. Hii si mojawapo. Hii ni taazir, nimeachiwa nipime mwenyewe. Sasa nipime kwa kipi? Kwa hasira yangu? Nipime kwa njaa, maana sijala? Napima kwa yale ambayo watu wenye akili wanayakubali wakikaa wakatulia. Kabla ya adhabu, nataka kujua kama kosa lipo. Kama watu wenye akili wa hapa wanaona mtu anaweza kuingia kuokota masazo bila kubisha hodi, basi ruhusa ilikuwepo na wizi haupo. Kwa hiyo nimekuja kuwauliza watu wenye akili."

"Umekosea mtaa," Mashhadi Heydarqoli alisema.

Karani Sotude alicheka, kisha akaangalia kama imeruhusiwa.

"Masazo yanakuwa huru lini?" hakimu aliuliza.

"Mtunguaji akishashuka mti wa mwisho," mzee alisema, "akakaa chini yake akanywa chai. Ile chai ndiyo mwisho. Nikishakunywa, aingie anayetaka."

"Na hapa ulikunywa?"

"Nilikunywa chini ya mti wa tisa. Miti hii mitatu niliiacha. Baridi ya masika iliunguza maua yake, haikuzaa cha maana. Nikasema nitarudi Ijumaa. Ijumaa kukawa na msiba wa binamu yangu."

"Ulimwambia mtu kwamba utarudi?"

"Niliiambia nafsi yangu."

Hakimu aliandika. Nosrat aliona anaandika chai na kuipigia mstari.

"Chai haihusiki," Tuba alisema. "Tangu nazaliwa, masazo ni baada ya umande kuganda mara ya kwanza. Asubuhi ukikanyaga majani yakalia, unachukua gunia unakwenda. Kabla ya hapo ni mali ya mtu."

"Bibi Tuba," Golandam alisema, "mwaka jana ulikuwa kwa akina Sadri na majani hayajalia hata kidogo. Ulikuwa na fulana."

"Mwaka jana kulichelewa."

"Ndiyo hivyo. Kulichelewa, wewe hukuchelewa."

"Haji Agha, wote hawa wanaropoka," Firuz alisema. Alikuwa ameweka donge la sukari shavuni na maneno yakatoka yamelowa. "Desturi ni moja. Mwenye bustani anatangaza msikitini baada ya sala ya Ijumaa: bustani yangu imekwisha, Mungu akubali. Asipotangaza, hata jozi iliyolala njiani ni yake. Na anayekwenda kinyume, zamani tulijua la kumfanya. Anatundikwa gunia shingoni, anazungushwa uwanjani mara tatu. Hiyo nayo ni desturi. Iandike."

"Umewahi kuiona?"

"Baba yangu aliiona."

"Na wewe ungependa kuiona leo? Bibi huyu, na gunia, mbele ya wanafunzi wa shule yake?"

Firuz alitafuna sukari. "Mimi nasema desturi ilivyo."

"Ndipo tunapoachana," hakimu alisema. Alikuwa ameacha kung'oa mbegu. "Si kila kilichozoeleka kinaingia mizanini mwangu. Watu wanazoea hata ujinga. Naitafuta ile desturi ambayo mtu mwenye akili akiifikiria vizuri haoni aibu kuwa nayo. Hilo la gunia, wewe mwenyewe umelisema ukiangalia chini."

"Nilikuwa naangalia glasi yangu."

"Kama mwenye akili ni Firuz," Golandam alisema, "nifungeni tu twende nyumbani."

"Nawe sema," hakimu akamgeukia. "Kwa upande wako, masazo yanakuwa huru lini?"

"Miiba ikiondolewa kwenye pengo." Hakusita. "Kila ukuta hapa una pengo, na kila pengo lina miiba wakati wa mavuno. Mwenyewe akimaliza anaitoa. Hasemi, hatangazi, hanywi chai. Anaitoa, na sisi tunaona. Sikuruka ukuta, Haji Agha. Nina miaka hamsini na minne na nyonga moja mbovu. Nilikuta pengo li wazi, nikaingia kama ninavyoingia kila mwaka."

"Na upondo?" Firuz aliuliza. "Masazo ni ya kuokota chini kwa mkono. Nani anaokota kwa upondo?"

"Kila mtu anayetaka jozi iliyobaki juu. Au nizisubiri zishuke kunisalimia?"

"Kwa mkono tu," Tuba alisema.

"Upondo unaruhusiwa, ila mfupi," Mashhadi Heydarqoli alisema.

"Mfupi kiasi gani?" karani aliuliza, kalamu tayari, na mzee akatanua mikono, akaitazama, akaipunguza kidogo.

Hakimu aliinua mikono yake mwenyewe kuwanyamazisha. Ilikuwa mikono pekee myeupe pale. Ya wengine wote, hata ya Tuba, ilikuwa myeusi mpaka kwenye viganja kwa utomvu wa maganda ya jozi, weusi usiotoka kwa sabuni mpaka baridi iingie. Polisi walikuwa wameandika weusi wa mikono ya Golandam kuwa ni ushahidi. Kwa ushahidi huo wangekamata wilaya nzima.

"Bibi Nosrat," hakimu alisema. "Bustani ni yako. Wewe unasemaje? Masazo yanakuwa huru lini?"

Nosrat alifungua kinywa akiwa na hakika kwamba jibu limo.

Halikuwamo. Alilitafuta kama mtu anayetafuta swichi ukutani katika chumba cha nyumba yake mwenyewe. Desturi hiyo alikuwa ameishi nayo tangu ana meno ya utoto. Alikuwa akienda na mama yake kuokota masazo kwenye bustani za watu, na mama yake alikuwa na upondo, tena mrefu. Walijuaje siku ya kuingia? Hakukumbuka chai, wala umande, wala tangazo. Alichokumbuka ni mama yake akisimama penye pengo, akimtazama mwenye bustani usoni kwa mbali, kisha akisema twende, au akisema leo bado. Na kama mwenye bustani hayupo? Walikuwa wanaingia pia. Mara nyingine walifukuzwa. Hakuna aliyekwenda polisi.

"Inajulikana tu," alisema.

"Inajulikana vipi?"

"Kama chumvi ya unga wa mkate. Unatia, unajua imetosha."

Hakimu alilitazama daftari lake. "Chai, umande, tangazo, miiba, na chumvi," alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana na umri wake mdogo. "Niliambiwa hapa kuna desturi moja."

"Ipo moja," Mashhadi Heydarqoli alisema. "Ila hatujawahi kuitamka."

Sotude alimimina chai ya pili. Golandam alikuwa anamtazama Nosrat, si kwa chuki, kwa namna ile aliyokuwa akimtazama anapomjazia fomu, akisubiri kuambiwa aweke kidole wapi.

"Basi nibaki na la miiba," hakimu alisema. "Hilo angalau linaonekana kwa macho. Hata hawa wanaobishana, wote wanakubali kwamba miiba ikiwepo huingii. Sivyo?" Walikubali wote, hata Firuz. "Na ikiwa imetolewa, mtu wa kawaida akiingia, hawezi kuitwa mwizi hivi hivi. Huenda amekosea mti, huenda amewahi, lakini hakuiba. Bibi Nosrat, kituoni ulisema miiba ilikuwepo. Golandam anasema haikuwepo. Ni neno lako na lake."

"Shemeji yangu hasemi uongo," Firuz alisema.

"Sijakuuliza wewe."

Nosrat aliligeukia pengo. Miiba ilikuwepo sasa, rundo kubwa la kijivu, limekaa sawasawa. Siku ile ya ugomvi aliikuta wapi? Alipokuwa kituoni aliiona kabisa akilini, imeziba. Sasa alijaribu kuiona tena ikamjia picha nyingine: yeye mwenyewe, Jumanne iliyotangulia, anaivuta miiba kwa reki ili gari la magunia lirudi kinyumenyume mpaka kwenye miti. Mwiba ulimchoma kwenye kifundo. Dereva alipakia, akaondoka. Halafu simu ikalia, binti yake kutoka Hamadan, mtoto ana homa, nimpe nini. Alipanda nyumbani akiwa na simu sikioni.

Halafu?

Aliona mkono wake unaivuta miiba. Hakuuona unairudisha. Aliipitia siku nzima, chakula cha jioni, sala, kitanda, na hakuuona popote. Lakini alizoea kuirudisha. Miaka yote aliirudisha. Pengine aliirudisha bila kujua, kama mtu anavyofunga mlango. Na hii iliyopo sasa, nani aliiweka? Aliiweka yeye, baada ya kutoka kituoni, kwa hasira, na alipoiweka hakujiuliza aliitoa wapi.

Aliitoa pembeni, kando ya ukuta. Ilikuwa pembeni.

Au Golandam aliisogeza alipoingia. Hilo nalo liliwezekana. Mwenye nyonga mbovu, na magunia mawili, na rundo lile? Liliwezekana kwa shida.

"Shemeji," Firuz alisema kwa sauti ya chini, "usiwaze sana. Ama tia sahihi ya msamaha tuonekane wakubwa, ama uache ahukumiwe watu wajifunze. Lolote kati ya hayo mawili unatoka safi."

Kweli, alitoka safi kwa vyote viwili. Hicho ndicho kilichokuwa kikimkera tangu asubuhi na hakikupata jina. Akisamehe, yeye ni mwema na Golandam ni mwizi aliyesamehewa. Akikaa kimya, yeye ameonewa na Golandam ni mwizi aliyehukumiwa. Kokote alikogeuka, magunia yale mawili ya miti iliyoungua yalimwacha yeye juu na mwenzake chini, na kilichoshikilia yote hayo ni miiba ambayo hakuikumbuka.

"Haji Agha," alisema. "Mtu akiwa hakumbuki, anaandikaje?"

"Anaandika kwamba hakumbuki."

"Niliitoa miiba mwenyewe, Jumanne. Sikumbuki kuirudisha. Kituoni nilisema ilikuwepo kwa sababu nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira nakumbuka vizuri sana." "Nadhani sikuirudisha."

Kiti cha Firuz kililia. Tuba alisema jina la Mungu polepole.

"Unadhani, au unajua?" hakimu aliuliza.

"Nadhani. Sitakuongopea mara ya pili kwa kujifanya najua."

"Basi subiri kabla hujaendelea." Hakimu alilifunga daftari na kuinama mezani. "Ukitia sahihi ya msamaha, yamekwisha na hakuna atakayekuuliza kuhusu miiba. Ukiandika hayo uliyosema, faili linakwisha vilevile, maana bila kizuizi sina wizi. Lakini Golandam ataweza kukushitaki wewe. Kumpelekea mtu polisi kwa jambo ambalo hukuwa na hakika nalo, nako kuna taazir yake, na nitakayeipima ni mimi. Sikutishi. Nakwambia kabla."

"Utanipimia kiasi gani?"

"Sijui. Nitauliza watu wenye akili."

Mashhadi Heydarqoli alikohoa kwenye glasi yake.

Nosrat alimgeukia Golandam. "Utanishitaki?"

"Sijaamua," Golandam alisema. "Ulimtaja marehemu mama mkwe wangu."

"Na wewe ulimtaja wangu."

"Wako alikuwa hivyo kweli."

Nosrat alisubiri Golandam aongeze kitu, hata neno moja la kulegeza. Golandam alikunja mikono yake myeusi juu ya tumbo na kutazama miti mitatu ya chini, ambayo kweli ilionekana kama imekwishamalizwa tangu mwezi uliopita. Mtu yeyote angedhani.

"Shemeji, fikiri," Firuz alisema. "Watakucheka mpaka mjini."

"Watacheka kwa siku ngapi, Firuz?"

"Nitajuaje?"

"Ndiyo nakuuliza, maana leo kila mtu anajua desturi."

Alivuta karatasi kutoka chini ya bakuli la sukari. Aliisoma tena yote, tangu jina la Mungu mpaka chini, kama alivyokuwa akizisoma fomu za Golandam, akitafuta mahali pa kujaza. Kisha akapiga mstari juu ya neno wizi, mstari mmoja, bila kuchana karatasi. Akapiga mwingine juu ya amemsamehe. Sotude alinyoosha mkono kumzuia, maana ile ilikuwa nakala ya ofisi, na hakimu akamgusa kiwiko akaurudisha.

Pembeni, penye nafasi nyembamba, Nosrat aliandika kwa mwandiko wake wa shule: Miiba niliitoa mimi. Sikumbuki kuirudisha. Golandam alikuta pengo li wazi. Sikuibiwa. Aliandika tarehe, mwezi wa Mehr, akaweka sahihi chini yake, akachovya kidole katika kisahani cha wino na kukibonyeza pembeni ya jina. Alama ilitoka nzito, mistari ya kidole haionekani vizuri kwa weusi.

"Itafaa?" aliuliza.

Hakimu aliisoma akiwa amesimama, akaandika mstari mmoja chini yake kwamba wizi haupo na kesi imefungwa, akagonga muhuri aliokuwa nao mfukoni, na kumpa karani aiweke kwenye faili.